Chumba cha Wageni Ambacho Sina

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na ukitaka kucheka, cheka kwanza, maana mimi ni dalali wa nyumba, mtu mzima mwenye kitambi na miwani, nawatafutia wenzangu pa kukaa na mwenyewe nakaa chumba kimoja, choo tunachangia na wapangaji wengine, pazia ndilo linalotenga kitanda na jiko. Kazi yetu ina lugha yake: chumba chenye choo ndani tunakiita selfu, chumba na sebule tunaita apatimenti, kibanda cha uani kikipakwa rangi kinakuwa nyumba ya kujitegemea, na hakuna anayeumia kwa sababu mteja huja kukagua, akajionea, tukacheka, akaamua. Sasa mke wangu alipofariki nikaihama nyumba yetu, binti yangu akapiga simu kutoka alikoolewa, "Baba, umehamia wapi?", nami nikajibu kikazi, "Apatimenti, mwanangu, vyumba viwili, patulivu, upepo unaingia." Upepo unaingia kweli, dirisha halina kioo. Nikamsikia ametulia, nikaacha hivyo hivyo. Juzi amepiga analia, ndoa imevunjika, amejibanza kwenye chumba cha kupanga lakini Jumamosi anarudisha ufunguo aje kwangu. "Usihangaike, baba, mimi na mjukuu wako tutalala chumba cha wageni." Nikamwambia, "Karibuni nyumbani." Mshauri, nitawalaza wapi?

Dalali Bila Dari

Pole kwa kufiwa, ndugu yangu. Nimecheka ulivyoniruhusu, kisha kicheko kikakatika. Wateja wako hukagua ndipo wahame. Huyu anahama bila kukagua, kwa sababu aliyesema ni baba yake. Hukuliona hilo, bingwa wa kuonyesha watu vyumba?

Pa kuwalaza usiniulize mimi. Muulize yeye, angali na ufunguo mkononi. Ukimaliza kusoma hapa, mpigie, na usianze na habari za upepo. Mwambie ni chumba kimoja, kitanda kimoja, choo cha watu wote, na mtoto akilia jirani atagonga ukuta. Kisha nyamaza, usiongeze hata "lakini". Akifoka, msikilize mpaka amalize. Akisema bado anakuja, mwachie kitanda, wewe tandika chini.

Na akisema basi, haji tena, anabaki kwenye chumba alichopanga, meza mate ukubali. Utabaki peke yako nyuma ya pazia lako, lakini yeye na mtoto watakuwa na mlango wa kufunga.