Mifuko ya Kupigia Picha

Jumatano, Januari. Mvua haijakatika tangu alfajiri, ile nyembamba ya huku Mbozi inayopenya hadi kwenye mifupa.

Nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha wakulima. Andiko la kuomba ruzuku ya mbolea niliandika mimi. Niliwaeleza wafadhili jinsi bei ya mfuko mmoja inavyotushinda, jinsi mahindi yanavyogeuka njano kabla hayajafika kiunoni. Fedha zilipotoka nililia kwa furaha. Mwenyekiti wetu akasema tusubiri, msambazaji analeta.

Tumesubiri tangu kupanda.

Jana wafadhili walikuja kukagua. Asubuhi, kabla hawajafika, lori la msambazaji lilishusha mifuko ya mbolea ya kukuzia mbele ya ofisi ya kikundi. Akina mama wakapiga vigelegele. Mwenyekiti akanivuta pembeni.

"Katibu, wapange wanachama, kila mmoja na mfuko wake. Na mtafute mama mmoja atoe shukrani."

Nikamchagua Mama Sekela, mjane anayelima peke yake kule mteremkoni. Alishukuru vizuri mno. Aliwaombea wageni na watoto wao, mpaka mgeni mmoja akafuta machozi. Picha zikapigwa. Wageni wakasaini kitabu, wakala kuku, wakaondoka.

Gari lao halijamaliza kona, wapakiaji wakaanza kurudisha mifuko kwenye lori.

"Hii ilikuwa ya kuonyesha tu," mwenyekiti alisema, wala hakushusha sauti. "Ya kwenu inakuja."

Mama Sekela alikuwa ameukalia mfuko wake. Hakuinuka.

"Nimemshukuru Mungu mbele za watu," alisema. "Sasa mnataka nikamwambie nini?"

Mwenyekiti akanitazama mimi. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamshika mkono yule mama. "Inuka, mama. Tusije tukaharibu mradi."

Akainuka.

Lori likashika njia ya Tunduma. Hakuna aliyeuliza linakwenda wapi. Mpaka wa Zambia tunaujua wote.

Ripoti ya ukaguzi nilitakiwa kuiandika leo. Sikuiandika. Nimekwenda Vwawa, nikakodi kompyuta, nikawaandikia wafadhili kila kitu kama kilivyokuwa, pamoja na lile nililolifanya mimi. Chini nikaweka jina langu.

Niliporudi nilipitia kwa Mama Sekela. Nilimkuta shambani, anapalilia mvua ikimnyeshea. Nikapiga magoti kwenye tope, nikamwomba radhi, nikamweleza habari ya barua. Alinisikiliza mpaka mwisho, ameegemea jembe.

"Umefanya vema, mwanangu," alisema. Kisha akayatazama mahindi yake. "Itajibiwa kabla haya hayajatoa mbelewele?"

Mahindi yakishachanua, mbolea haisaidii tena. Akainama, akaendelea kupalilia.

Najua barua yangu inaweza kukaa mezani kwa mtu mpaka mavuno. Najua pia kijiji kitasema nimewafukuza wafadhili.

Kesho nitampelekea mwenyekiti muhuri wa kikundi ninaoutunza kama katibu, kabla hajatuma mtu kuufuata. Kisha nitabeba jembe, niende mteremkoni nikaanze mstari wa pembeni yake, hata kama hatanisemesha.