Posa Chini ya Lango la Maskati

Mama yangu kipenzi, shikamoo. Maskati jua linachoma hata kivulini, lakini nina habari ya kukuburudisha.

Jana Mjomba Seif alitupeleka mimi na Bi Rahma, yule jirani yake mjane, kutazama lango la mji wa kale. Ukuta mwingi umeshabomoka. Limebaki lango lenyewe na kipande kinachopanda jabalini, na magari hupita chini ya tao lake. Tukasimama pembeni, tukala sambusa za Bi Rahma kwa kahawa yenye iliki. Mjomba hakugusa kitu. Mara akasema kwa sauti ndogo, "Rahma, nnataka kuja kwa kaka yako kukuposa."

"Unasemaje? Magari haya!"

Akarudia. "Sikusikii, Seif!"

Basi ndugu yako akavuta pumzi, akapaza: "Nnataka kukuposa!" Magari nayo yakawa yamekatika ghafla, sauti ikajaa lango zima. Mlinzi wa lango, kumbe Kiswahili anakijua, akampongeza, "Mabruk!" Watalii wakapiga makofi bila kuelewa neno.

Bi Rahma akajifunika mtandio, akicheka. "Mara ya kwanza nilikusikia. Nilitaka uliseme tena. Njoo Ijumaa."

Mama, usimsikitikie tena kaka yako kula peke yake. Naituma kadi hii kwa msafiri wa kesho, iwahi kabla hajakupigia mwenyewe. Akikupigia, tafadhali ushangae, kisha umpigie kigelegele kama ndiyo kwanza unasikia.

Mwanao akupendaye,
Salma