Shamba la Zaina na Pombe Niliyokataa

Jumatatu, 3 Machi 2003. Magarama, Gitega
Nimeshona suruali mbili za shule. Vifungo vimeisha. Mchana ujumbe kutoka Muyinga: kesi ya dada yangu Zaina inasikilizwa Alhamisi, na shahidi ni mimi. Marehemu mumewe alinunua lile shamba la Butihinda mbele yangu, kabla hawajakimbilia Tanzania. Sasa Zaina amerudi na watoto, na jirani yake, Salvatori, ndiye anayelilima. Akilikosa, hana pa kwenda ila kurudi kambini.

Jumatano, 5 Machi. Muyinga
Wanajeshi walituzuia Karuzi mpaka msafara wa magari ukatimia. Niliogopa. Dereva aliimba njia nzima, nikamchukia. Zaina amekonda. Hakunilaumu kwa kukawia, na hilo limenikera zaidi.

Alhamisi, 6 Machi
Tribinali, yaani mahakama, imejaa kama soko. Hakimu akaniuliza kwa Kirundi kama nilikunywa pombe siku shamba lilipouzwa. Nikajibu kwa fahari: mimi Mwislamu, sijawahi kuionja. Watu wakacheka. Hapo ndipo nikaelewa. Huku mnunuzi hutoa pombe, mashahidi wanainywa, na asiyekunywa hakushuhudia. Nilipotaka kueleza, tayari kesi nyingine imeitwa.
Mjinga mimi. Zaina alisema tu, "Kaka, si ungesema ulikunywa chai?"

Ijumaa, 7 Machi
Nimeswali msikitini, hotuba sikuisikia. Nikarudi tribinali, nikasimama mlangoni mpaka hakimu akachoka kuniona. Amekubali: Jumatatu ataenda mwenyewe kuliona shamba na kuwauliza watu wa kilima, yaani wanakijiji.

Jumatatu, 10 Machi. Butihinda
Mvua. Tope. Maharagwe ya Salvatori yamestawi vizuri, nikaona wivu. Hakimu akamwita mjane wa mzee aliyeuza. Macho yake yamefifia. Alinisogelea, akanikagua.
"Huyu namujua. Alikataa pombe, nikamupikia chai. Akanuna, eti sukari iko kidogo."
Wakacheka tena. Safari hii na mimi nilicheka. Wazee wa kilima wakasema mama huyu hasemi uongo, na hakimu akaamua hapo hapo: shamba ni la Zaina.
Salvatori hakubisha. Aliyatazama tu maharagwe yake. Mkewe akageuka, akajifuta uso kwa kitenge. Nilimhurumia, na sikutaka kumhurumia.

Jumanne, 11 Machi
Zaina amemwambia Salvatori avune kwanza maharagwe, yeye atalima baadaye. Hakuniuliza. Ningekataa.
Jioni akatoa pombe ya ndizi kwa wazee, ili waliokuwepo wawe mashahidi. Mimi na Zaina hatukuigusa. Salvatori alikuja wa mwisho. Alisimama kando muda mrefu. Kisha akaketi, akapokea mrija, akanywa. Wote tumemwona.
Kesho narudi Magarama na hasira yangu. Zaina anabaki hapa, na mlango ulio karibu naye ni wa Salvatori.