Kocha Idris, Nimemtoa Bisimwa

Kocha wangu,

Ningeanza kwa kukuuliza hali kama inavyotakiwa, lakini hali yako naijua, na yangu ndiyo iliyonikalisha hapa na kalamu. Nimefanya kosa. Ni lile kosa ambalo wewe, kwa miaka sita niliyosimama nawe kando ya uwanja, hukulifanya hata siku moja. Leo Jumatatu duka langu la ushonaji sijafungua. Mteja mmoja ameshagonga mlango, amesonya, ameondoka. Atarudi, suruali yake ninayo mimi.

Tangu uondoke ni miezi mitatu. Timu wamenipa mimi. Usidhani walinipenda sana. Walikaa kikao palepale kwenye nyasi, wakataja majina ya wanaume wanne, na kila jina likapata wa kulikataa. Wakongo walimkataa Mtanzania, Watanzania wakamkataa Mrundi, jua likaanza kuwachoma. Mwisho Bisimwa, nahodha wetu, Mkongo, akasema kwa Kiswahili cha kwao, basi awe Mama Salma, kwani si yeye njo alikuwa anasema siku zote? Wakacheka, wakapiga makofi. Ndivyo nilivyokuwa kocha. Bisimwa ndiye aliyenitaja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Na ni kweli nilikuwa naongea siku zote. Unakumbuka ulivyokuja dukani kwangu Jules Street na mfuko wa jezi kuukuu alizokutumia dada yako kutoka Wales, zote za watu wenye vifua kama makabati? Ulitaka nizipunguze. Nikakuuliza ni za nani, ukasema za timu yako ya Jumapili ya wahamiaji, watu wazuri sana, ila ukiwaambia waende kulia wanakuletea maji ya kunywa. Jumapili nilizipeleka uwanjani mwenyewe. Nikawakuta wanaume kumi na watano wamekuzunguka, wanatikisa vichwa kwa heshima, na hakuna aliyekuelewa. Kiingereza cha kuuza na kununua walikuwa nacho, lakini chako kilikuwa kimechanganyika na milima ya kwenu. Nikaanza kutafsiri. Hata kuotea nilikuwa sijui ni nini.

Hamza na wachezaji wenzake wa Tanga walikuwa wameshajipa uhakika kwamba wewe ni Mwislamu, kwa jina hilo la Idris. Ramadhani ikaingia, wakakualika futari, ukala mihogo na samaki, ukasifu, ukarudi kesho yake na kesho kutwa. Wiki ya pili mtu akakuona mchana kweupe kwenye gari lako na mkate wa nyama mkononi. Lo, zogo lile! Ukaeleza, mimi nikitafsiri huku nikijizuia kucheka, kwamba kwenu hilo ni jina la babu yako tu. Ukaomba radhi kwa kila mmoja, na jioni wakakualika tena.

Maisha yako ya mpira nayajua kuliko maisha ya baba yangu mzazi, maana wewe ulisimulia na yeye hakusimulia. Ulizaliwa kwenye mji wa wachimba makaa. Klabu ya kwanza ilikusajili una miaka kumi na saba, na mama yako akakata habari ile gazetini, sentensi mbili. Baada ya hapo klabu kumi na moja, zote za madaraja ya chini, kwenye miji ambayo Waingereza wenyewe, ulisema, huuliza iko wapi. Ligi ikiisha ulipaka rangi nyumba za watu. Bao lako lililoandikwa sana lilitokana na mpira uliokugonga kisogoni ukiwa umegeuka kumlalamikia refa. Ukamshinda kipa wa timu kubwa, na wewe ukawa wa mwisho uwanjani kujua kwamba umefunga. Kila walipokuja wachezaji wapya uliwasimulia hilo kwanza, ukigeuka na kuwaonyesha kisogo chenyewe. Yale mazuri hukuyataja. Niliyaona kwenye daftari la vipande vya magazeti alilokuja nalo dada yako msibani. Kumbe ulikuwa unajua kufunga, Kocha! Mbona ulinyamaza?

Lakini sikukuheshimu kwa mabao. Ulitemwa mara nyingi mno na hukuwa mtu mchungu, hilo ndilo lililonishangaza. Klabu moja ilikuachia barua kwa mama mpika chai. Nyingine ulijua ulipoona picha ya timu na jezi yako namba tisa imevaliwa na mwingine. Mmoja tu, kocha mzee mwenye kigugumizi, alikufuata mwenyewe kwenye maegesho ya magari, mvua inamlowesha, akakwambia kwa kinywa chake kwamba hana haja nawe tena. Kisha akabaki amesimama mpaka ulipomaliza kumtukana. Ulisema mpaka alipofariki ulikuwa unamtumia kadi ya Krismasi.

Basi ulipokuwa kocha ukajiwekea sharti. Mchezaji hatolewi kwenye kikosi kabla hujamwendea alipo, nyumbani au kazini, ukamwambia ana kwa ana. Wachezaji wenyewe wa Jumapili, hawalipwi senti, nani angejali? Wewe ulijali. Tulikwenda soko la Newtown kumtoa kipa, ukangoja pembeni mpaka amalize kuuza vinyago vyake kwa mzungu aliyekuwa anababaika na bei. Tulikwenda kwenye maghorofa ya Joubert Park, lifti zimekufa, na goti lako lile bovu. Ukifika juu ulikuwa hubishi hodi mara moja. Ulisimama ukishika ukuta mpaka pumzi ikurudie, kwa sababu, ulisema, mtu anayepewa habari mbaya hapaswi tena kumhurumia anayeileta.

Na mimi nilikuwa nyuma yako. Wewe unasema, mimi natafsiri. "Kocha anasema Jumapili hutaanza." "Kocha anasema umepungua kasi." Ukweli ni kwamba nilikuwa napunguza makali. Wewe ulisema maneno manane, mimi nikasema ishirini, na kati ya hayo ishirini ni matano tu yaliyokuwa yako. Siku moja garini ukaniambia, bila kuniangalia, kwamba sauti yangu hulainika sana katika sehemu ambazo yako haikulainika. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Hukunikemea. Ulisema tu kwamba watu huweza kubeba zaidi ya tunavyodhani, ukawasha redio.

Sikujifunza. Moyo wako uliposimama asubuhi ile jikoni kwako, dada yako alikuja kutoka Wales, akaniomba niwaambie wachezaji kwamba mwili utachomwa, ndivyo ulivyoagiza. Nikawaambia ibada ni saa nne. La kuchomwa sikulisema. Nilijiambia, Kocha, watalijua wakifika. Basi wakaja na majembe. Majembe matatu na koleo mbili, wamevaa suti, tayari kukufukia kwa mikono yao kama wanavyofanya kwao na kama tunavyofanya kwetu. Bisimwa alikuwa mbele na koleo mpya aliyoinunua asubuhi ile, karatasi ya bei bado imebandikwa kwenye mpini. Akaniuliza, "Mama, kaburi iko wapi?" Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia la kuchomwa palepale, mbele ya mlango wa ukumbi wa ibada, ikiwa imechelewa mno. Aliegemeza koleo ukutani, akaingia, akakaa kiti cha mwisho, na alilia kwa sauti kuliko dada yako.

Sasa nikueleze la Jumamosi.

Jumapili ya jana ilikuwa mechi yetu ya kwanza ya msimu. Bisimwa goti la kulia limekwisha, wewe mwenyewe uliliona mwaka jana na ulikuwa unaniambia tulitazame. Anafanya kazi ya ulinzi, anasimama kwa saa kumi na mbili nzima, kisha anakuja mazoezini. Anapoteza mpira, anakasirika, anawapigia wenzake kelele. Hamza ana kasi na anafunga. Wiki nzima nilijua ninachotakiwa kufanya, na wiki nzima nilitafuta kazi nyingine za kufanya. Nilishona mapazia ya watu ambayo hayakuwa na haraka. Jumamosi mchana nikaandika kikosi kwenye simu, majina kumi na moja na ya benchi, la Bisimwa halimo, nikakituma kwenye kundi la WhatsApp la timu na kuweka simu chini kama imeniunguza.

Haikupita dakika, ukatokea ule mstari mdogo: Bisimwa amejiondoa kwenye kundi. Watu ishirini na mbili wakauona. Salma, binti yangu, alikuwa kando yangu akichungulia. Unamjua, Kiswahili anakisikia ila hakisemi. Jana yake tu tulikuwa tumegombana kwa sababu hiyo. Safari hii akakisema: "Eish, Mama, hata mimi sifanyi hivyo." Ana miaka kumi na minne na alikuwa na haki.

Nilivaa kanga ya pili begani nikaenda kwa Bisimwa, Joubert Park. Ghorofa ya tisa. Lifti, unajua mwenyewe. Nilipofika nilisimama nikashika ukuta, pumzi ikarudi. Nikabisha. Alifungua akiwa bado na sare za kazini, akaniangalia, hakunikaribisha, na hakufunga mlango.

Nikaanza kwa mazoea. Nikasema, "Bisimwa, Kocha siku zote alikuwa anasema..." Akanikata. "Mama Salma. Kocha alikufa. Njo nani ananitoa leo, ni yeye ao ni weye?"

Nilijua jibu na nilitaka kulikimbia. Kushuka zile ngazi ingekuwa rahisi, au kusema ni wewe, wewe ulikuwa umeshapanga kabla hujafa, na angeniamini, na angenisamehe, na angekuchukia wewe kidogo, nawe usingedhurika. Hilo lilinipitia kichwani, Kocha, sikufichi. Hata sentensi nilikuwa nimeshaitunga.

Nikamwambia, "Ni mimi. Mimi ndiye niliyekutoa. Goti lako halikupeleki tena, nakuona tangu mwaka jana. Nilipaswa kuja kukwambia kabla ya kuandika, na sikuja kwa sababu nilikuogopa. Kukutoa sikukosea. Kuandika bila kuja, hapo nimekukosea, na nimekuja kukuomba radhi kwa hilo peke yake."

Sijawahi kusema maneno machache hivyo kwa mtu aliyeumia. Nilisubiri anitukane, na nilikuwa nimejiandaa kusimama mpaka amalize, kama yule kocha wako wa mvuani. Hakunitukana. Aliangalia viatu vyake vya kazi. Kisha akasema, "Nimesikia," akafunga mlango polepole. Nilishuka mpaka ghorofa ya sita, nikakaa kwenye ngazi, nikalia kilio changu chote, chako na chake na changu mwenyewe, na mama mmoja aliyekuwa akipanda na ndoo ya maji akanipita akiniambia pole bila kuuliza.

Jana tulifungwa mbili kwa moja. Bao letu ni la Hamza, alikimbia nyuma ya beki kama ulivyomfundisha. Kipindi cha pili niligeuka nikamwona Bisimwa amesimama upande wa pili, peke yake karibu na uzio, mikono mfukoni. Hakunisalimia. Dakika za mwisho tulipobanwa alimpigia Hamza kelele, "Songa mbele, beki amechoka!" na Hamza akasonga. Mpira ulipokwisha nilitazama tena, alikuwa ameshaondoka. Sijui kama atarudi. Ningekuwa bado ni mtafsiri wako ningekulainishia hapa, ningekwambia ana dalili nzuri. Sijui.

Nakukumbuka sana, Kocha. Nakukumbuka uwanjani ninaposubiri mtu aseme kitu ili mimi nikiseme, na hakuna anayesema. Nilidhani umeniachia timu kwa sababu ulikufa ghafla na hukupata nafasi ya kupanga. Kwenye zile ngazi nilianza kuwaza kwamba labda ulinichukua kila nyumba, miaka sita, kwa sababu nyingine mbali na Kiswahili. Hata kama nimejidanganya, niache hivyo.

Mungu akupumzishe vizuri, wewe uliyehamahama maisha yako yote. Kuaga kwangu ni huku, na ahadi yangu ni hii: hakuna mchezaji wangu atakayepata habari mbaya kwenye simu, wala kwa mtu mwingine, wala kwa jina lako. Atazipata kwa mdomo wangu, mlangoni kwake. Nimesoma hapo juu nikaona nimeandika "mchezaji wangu". Ni mara ya kwanza, nilikuwa nasema "wa Kocha" mpaka juzi. Nilitaka kulifuta. Nimeliacha.

Mama Salma