Siku Mtani Aliponiita Ndugu Yangu

Mwanza mjini,
Julai 1937

Kwa baba yangu mpenzi, Mzee Ndalahwa, Busisi.

Shikamoo baba. Mama naye mpe shikamoo yake upesi, isipoe njiani. Sisi huku tu wazima, tunakula na tunalala, na Paskazia anawasalimu sana. Je, goti lako linaendeleaje? Pamba mmemaliza kuchuma? Na yule dume mwekundu bado anavunja maboma ya watu?

Ujumbe wako kaka Mayala ameufikisha, tena kwa ukali wako ule ule. Umesema umesikia kwamba mashine ya Mzee Fatehali inakula watu, kwamba niiache mara moja, nimchukue mke wangu nirudi nyumbani nishike jembe, kwa sababu hukuzaa mtoto wa kiume ili aje apasuliwe kama ubao. Nimesikia, baba, wala sikudharau. Ukisema nirudi baada ya barua hii, nitarudi. Lakini nakuomba unisikilize mpaka mwisho kwanza, maana nina mambo, baba, nina mambo!

Nianze na hiyo mashine. Wewe unaujua msumeno wetu wa shimo, mmoja juu na mmoja chini, mnavuta tangu asubuhi na ubao mmoja haujaisha. Sasa hii ni meza ya chuma, na katikati yake umetokeza msumeno wa duara kama sahani, injini inauzungusha kwa mkanda. Ukiwashwa, mtaa mzima unajua. Unausukuma ubao juu ya meza, na kabla hujameza mate umekwisha kuwa mbao mbili! Siku ya kwanza nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Aliyenifundisha ni Pazi, Mzaramo aliyekuja kwa gari moshi kutoka Dar es Salaam. Mzaramo, baba! Mtani wetu kabisa! Na huyu ndiye mkubwa wao: mvivu, mwoga wa maji ya ziwa, analala chali akisubiri nazi idondoke, na huku Mwanza minazi yenyewe iko wapi? Kila akiitwa kazini ana homa, hawezi kunyanyua hata nyundo, lakini ngoma ikilia Kirumba anapona. Naye akiniona tu asubuhi ananiuliza kama michembe, vile viazi vyetu vikavu, imenijaa masikioni.

Basi mafunzo yote alinipa kwa matusi. Aliniambia nisimame kando, nisikae moja kwa moja nyuma ya ubao, kwa sababu ubao ukiubana msumeno hurushwa kule ulikotoka, na yeye ana hamu sana ya wali wa matanga yangu. Aliniambia kipande cha mwisho nikisukume kwa kijiti, si kwa mkono, kwani vidole vya Msukuma havifai hata kwa mchuzi. Aliniambia nisiuvute ubao kuja kwangu wakati msumeno unazunguka, labda kama nimechoka kuishi na nataka kumrithisha ng'ombe zako. Sasa niambie wewe, baba: mtani akikuambia utakufa, utamwamini? Kila siku ananizika! Mimi nilikuwa nacheka, namrudishia tusi lake, kisha nasimama pale pale nyuma ya ubao, kifua mbele, kwa kuwa ndipo nilipopata nguvu ya kusukuma.

Mwezi uliopita yakaletwa magogo ya mvule kutoka upande wa Bukoba, mabichi, tena yamelowa maji ya ziwa. Mti mbichi una tabia mbaya. Ukiupasua, ile njia iliyokatwa inajifunga nyuma ya msumeno na kuubana. Mimi nikawa nasukuma, Pazi yuko upande wa pili anapokea, naye ndiye aliyeiona njia inajifunga. Nikamwona amefungua mdomo, nikajiandaa kwa tusi. Badala yake akapaza sauti kuishinda injini, lakini kwa adabu, kama anaongea na mkwewe, akasema ndugu yangu Shimba, nakuomba, tafadhali, sogea kushoto.

Baba, hebu fikiri! Mtani aniite ndugu yangu? Mtani aniombe? Nilijua papo hapo kuna msiba. Nikaruka kushoto, hata sijui nakimbia nini, na ubao ukaja! Ulipita pale nilipokuwa, ukatoboa mlango wa bati, ukaingia jikoni kwa Mama Bachubai, mke wa Mzee Fatehali, ukavunja mtungi wa maji. Mama Bachubai akatoka na upawa mkononi akiuliza ni nani anayetaka kumuua. Mzee Fatehali akaja mbio bila viatu. Mimi nikaenda kusimama mbele ya lile tundu la mlango: lilikuwa sawasawa na kitovu changu. Nikakaa chini kwenye maranda nikalia, wala sioni haya kukuambia.

Pazi akazima injini, akaja kukaa kando yangu. Kisha akanung'unika kwamba Wasukuma ni watu wachoyo, hata wali wa matanga wanamnyima mtu. Hapo ndipo nilipojua nimepona kweli.

Tangu siku ile mambo yamebadilika. Magogo mabichi yanakaa kwanza kivulini mpaka yakauke. Nyuma ya msumeno Pazi amefunga kabari ya chuma inayozuia ile njia isijifunge, kama kabari ya mti tunayochomeka kwenye njia ya msumeno wa shimo. Mimi nasimama kando, na kijiti changu hakiniachi. Na sisi wawili tumepatana: injini ikiwaka tunaitana ndugu, injini ikizimwa tunatukanana mpaka tushibe. Wapita njia wanadhani tumerogwa.

Sasa shika kiti, baba. Mayala alipotupa kisogo tu, Paskazia akashikwa na uchungu. Amejifungua mtoto wa kiume! Mama na mwana wazima, na mtoto analia mpaka Mzee Fatehali anauliza kama tumeleta injini ya pili. Najua mila yetu, mjukuu wa kwanza apewe jina la babu yangu. Lakini mimi na Paskazia tunakuomba ruhusa, tena kwa magoti. Tunataka aitwe Pazi. Bila mtu yule mtoto huyu angezaliwa yatima.

Jambo la mwisho. Mwalimu anayekusomea barua siku zote nimesikia amehama, kwa hiyo nimemtuma mtu ajuaye kusoma. Nimeifunga bahasha kwa gundi, nikamwapisha asiruke hata neno. Huyo aliyesimama mbele yako ndiye Pazi. Matusi yake amejisomea mwenyewe mbele ya wazee wangu! Ila la jina la mtoto hatukumwambia. Amelijua sasa hivi, pamoja na wewe. Mtazame usoni, baba, ndipo uamue kama nirudi.

Nisalimie shangazi Justa na majirani wote, kama msomaji bado ana sauti.

Ni mimi mwanao,
Shimba,
Baba Pazi, ukiridhia.