Karatasi Tisa Juu ya Kitanda Chetu

Jumapili, Ngungu. Mvua haijakatika tangu tulipotoka kanisani, nami nina wiki tatu tu katika ndoa. Kila nikiandika "bwana wangu" natabasamu peke yangu.

Bwana wangu Baraka ametengeneza programu ya simu kwa wauguzi wa kituo chetu cha afya. Mama mjamzito anaulizwa maswali manne: lugha yake, umri, umbali wa kwao, na alizaaje mara ya mwisho; kila swali lina majibu matatu. Akiwa alizaa kwa kupasuliwa, simu inawaka nyekundu: apelekwe hospitali mapema. Ilikuwa aikabidhi kesho.

Mchana alinionyesha kwa fahari kwamba amejaribu kila jibu, moja moja, na yote yanaenda. Niliitazama mikono yake mizuri (naungama), kisha nikauliza kama aliyajaribu mawili mawili.

Alicheka. "Bibi, weye uko wa kwaya. Informatike, mambo ya kompyuta, uniachie miye."

"Njo kwaya ilinifundisha. Kila mutu anaimba muzuri peke yake. Ukiweka wawili pamoja, njo unasikia ubaya iko wapi."

Akakiri kuwa wako wanaopima programu hivyo hasa, ila yeye aliona uvivu. Michanganyiko yote ni themanini na mmoja, lakini ukiipanga vizuri, tisa tu inatosha kukutanisha kila jibu na majibu yote ya maswali mengine. Tukaandika karatasi tisa, tukazitandaza kitandani. Mimi nasoma, yeye anabonyeza.

Ya saba: anasema Kihunde, alipasuliwa.

Simu haikuwaka.

Alipolijaribu jibu hilo peke yake, kwa Kiswahili, ilikuwa ikiwaka. Kwa Kihunde ilimwambia mama azalie hapa hapa kituoni. Nikamwaza dada yangu Neema, aliyepasuliwa kwa mtoto wa kwanza. Sasa ana mimba ya miezi minane, na akiogopa hujibu kwa Kihunde tu.

Baraka alitaka kurekebisha kimya kimya. Nikamsihi ampigie muuguzi mkuu. Akapiga, akasema kosa lake lote.

"Papa, afazali unaniambia leo," muuguzi yule alijibu. "Tutangoja mpaka siku ya tatu." Yaani Jumatano.

Sikujua kwamba mtu anaweza kumpenda bwana wake zaidi siku aliyokosea.

Anarekebisha sasa. Akimaliza tutarudia karatasi zote tisa, na Jumatano nitamshika Neema mkono kituoni, aulizwe kwa lugha yake. Ile nyekundu ikiwaka, nitaweza kujizuia nisilie mbele ya watu?