Safu ya Hamsini na Tano

Jumatano, 2 Aprili

Begi langu tayari. La Mama lilikuwa tayari tangu Jumapili, bila shaka.

Kesho alfajiri tunaondoka hapa Karditsa: wanafunzi thelathini na wawili, mwalimu mkuu Bwana Zisis, Mama, na mimi. Siku moja Athene, ya pili Epidavro, kwenye ukumbi wa kale wa maigizo, wa mawe, ambako husemwa hata mnong'ono hufika safu ya juu. Safari hii ya masomo Mama ameiongoza mara kumi na tisa. Mara moja nilikuwa mmoja wa wanafunzi wake, akiniita kwa jina la ukoo kama wengine. "Karagiorga, kaa wima." Mwaka huu mimi ndiye sauti yake.

Tangu Oktoba, baada ya upasuaji wa tezi shingoni, amebaki na mnong'ono. Daktari anasema sauti huenda ikarudi — huenda isirudi. Tulimnunulia kipaza sauti kidogo cha kuvaa kiunoni. Alikijaribu darasani siku moja, akasema anasikika kama yule wa gari la vyuma chakavu anayepita mtaani. Kimelala kwenye droo na kamba za viatu.

Bwana Zisis ana fomu: ombi la kuhamia maktaba. Ni mtu mwema, hamlazimishi. Lakini mwisho wa kuisaini ni Jumatatu. Na Mama ameamua kwa namna yake! Atasimama katikati ya duara la ukumbi kule Epidavro, aseme sentensi moja. Ikifika safu ya juu kabisa, anarudi darasani. Isipofika, anasaini.

Nikamwambia jiwe si daktari, Mama. Akachukua kalamu, akaandika nyuma ya risiti ya duka la dawa: *Jiwe halinionei huruma.*

Alhamisi, 3 Aprili, hotelini

Miguu inawaka moto. Chakula cha jioni maharage na halua ya ufuta, maana ni Kwaresima na Mama hakubali mtoto yeyote aguse soseji mbele yake.

Mchana tulikuwa Agora, soko la kale la Athene. Nilikuwa naeleza siku za mwisho za Sokrates gerezani, jinsi rafiki yake alivyopanga kumtorosha, amfiche Thesalia. Iordanis, mmoja wa wanafunzi, akaruka juu.

"Thesalia? Yaani kwetu?"

"Kwenu."

"Mlango wazi, askari kashapewa chake, na yeye kakaa tu? Mzee angekuja Karditsa, tungempokea!"

"Aje afanye nini, alime pamba?" mwenzake Anthi akamdakia. "Akikuuliza maswali wewe, siku ya pili angerudi gerezani mwenyewe."

Walicheka mpaka mlinzi akatusogelea. Mwanamke mmoja mwenye miwani, mpole kabisa. Binti, kibali chako cha uongozaji kiko wapi? Sina. Wewe ni mwalimu wao? Si mwalimu wao. Basi nyamaza, mwanangu: anayeongea hapa ni mwenye kibali, au mwalimu na wanafunzi wake.

Hilo nililijua! Kila mtu analijua. Nilisahau kwa sababu nilikuwa najiona hodari.

Mama akachukua nafasi yangu. Wanafunzi hawakuambiwa kitu. Wakamzunguka, wakabana vichwa, wenye kofia wakazivua. Thelathini na wawili, na hakuna aliyekohoa. Mimi nilibaki nje ya duara na yule mlinzi, nikiona migongo tu. Sikusikia neno.

Niliona wivu. Naandika ili nisijidanganye.

Baadaye nikamuuliza Iordanis alisema nini. "Aliuliza swali. Rafiki anayekutakia uhai kuliko ukweli, kakupenda wewe au kajipenda mwenyewe?"

"Na jibu?"

"Jibu! Dada, humjui mama yako?"

Ninamjua? Nilipokuwa mdogo alikuwa akiyafanyia mazoezi masomo yake jikoni, mlango umefungwa. Nililala chumba cha pili. Kabla ya neno la kwanza, kila mara, alivuta pumzi — ndefu, kama mtu anayejitosa majini. Nikiisikia hiyo nilipata usingizi. Masomo yenyewe sikuyasubiri.

Ijumaa, 4 Aprili, ndani ya basi

Michungwa pande zote. Mama yuko mbele, kichwa kwenye kioo.

Anthi amekuja kuchuchumaa karibu na kiti changu. Wamepanga: wote watainua mikono, ishara kwamba wamesikia. Wasikie, wasisikie.

"Na wewe Dada, kule juu, utainua?"

Nimesema sijui.

"Dada, usituharibie. Maktaba itamuua."

"Na swali la jana?"

Ameangalia viatu vyake. "Swali lilikuwa la Sokrates," amesema. "Huyu ni wetu."

Ijumaa, saa sita kasoro robo

Safu ya hamsini na tano. Mama alibadilisha mpango tukiwa mlangoni. Alinivuta sikio, akanong'ona: mikono haina maana. Wewe uende juu peke yako, uandike utakachosikia. Nitapanda nisome.

Daftari jingine liko kwenye basi. Nina hili la shajara tu.

Wanafunzi wako katikati ya ngazi. Upepo kidogo. Watalii Wafaransa wanaimba kwenye duara — mlinzi amepuliza filimbi, wameacha, wametoka. Mama ameingia. Koti la bluu. Kutoka hapa ni mdogo kama punje. Amesimama juu ya lile jiwe la katikati. Kimya.

Nimesikia.

Nimesikia pumzi. Ile ile! Ndefu, ya jikoni. Imepanda safu zote ikanifikia hapa, nikashika jiwe kwa mkono.

Halafu nikaona kichwa kikiinuka, anasema, na hakuna kitu. Upepo. Ndege.

Wanafunzi wote thelathini na wawili wameinua mikono. Iordanis ameinua miwili. Bwana Zisis naye ameinua wake, jamani, na fomu iko mkononi humo humo.

Mama hawatazami. Ameanza kupanda.

Ningeweza kukisia sentensi. Namjua kiasi hicho. Ningeandika kitu kizuri, na angerudi darasani Jumatatu, na angejua. Angejua kabla hajamaliza mstari.

Anawapita wanafunzi. Mikono bado iko juu, anaigusa mmoja mmoja akipita, anaishusha kwa upole. Amesimama kupumzika. Anapanda tena. Safu kumi zimebaki. Nasikia viatu.

Mama: pumzi nimeisikia. Neno sikulisikia.

Yuko hapa. Amekaa kando yangu, anahema, jasho kwenye mdomo wa juu. Haulizi. Amenyoosha mkono, kiganja wazi.

Kurasa zote zimo humu, hata ya jana, ya wivu. Daftari sijalifunga. Nampa.